Kuzuia maumivu ya misuli: ya kabla ya mazoezi na ya baada yake, ana kwa ana

Kupanda ngazi nilipanda. Kushuka ndiko kulikonishinda. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimerudi mazoezini baada ya miezi kadhaa ya uvivu, nikajipa raundi tano za kupiga hatua ndefu huku goti la nyuma likishuka hadi karibu na sakafu, mara kumi na tano kila mguu, nikatoka najisifu. Asubuhi ya siku ya pili nashuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili imeng'ang'ania reli. Ya chooni siyasimulii.

Tofauti hiyo ya kupanda na kushuka ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kuhusu maumivu haya, kwa hiyo nianzie hapo kabla ya kupambanisha njia moja na nyingine. Unapopanda, msuli wa paja unafupika ukikusukuma juu. Unaposhuka, msuli uleule unafanya kazi huku unavutwa: unashika breki. Kazi hiyo ya breki ndiyo inayochubua nyuzi za msuli, michubuko midogo isiyoonekana kwa macho. Mwili ukianza kuikarabati, mahali hapo panavimba kidogo kwa ndani na mishipa ya fahamu inakuwa myepesi kulalamika. Ukarabati una mwendo wake, ndiyo maana huumwi jioni ileile. Maumivu huanza kesho yake, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha huisha yenyewe ndani ya wiki.

Asidi ya laktiki, ile inayozalishwa na msuli unapofanya kazi kali na ambayo bado inasingiziwa, haihusiki. Kukimbia kupanda mlima kunazalisha laktiki nyingi kuliko kuushuka, lakini kinachokuumiza kesho ni kule kushuka. Isitoshe laktiki hurudi katika kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, wakati wewe huo msiba wako haujaanza hata. Tangu mwaka 1902 mtafiti Theodore Hough alikuwa ameshaandika kwamba maumivu haya ya kuchelewa yanatokana na kupasuka kwa ndani ya msuli wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu kwa maelezo kwamba "kinatoa asidi", usipoteze muda kukilinganisha na kingine. Kiache.

Kuanza kidogo, au kuanza kwa kishindo na kutibu baadaye

Huu ndio ulinganisho wenye uzito, na ajabu ni kwamba haufanywi mara nyingi. Watu wanabishana barafu au masaji, wakati swali lilitakiwa kuwa: kwa nini siku ya kwanza ulifanya raundi tano?

Msuli uliowahi kushika breki mara moja hauchubuki kwa kiasi kilekile mara ya pili. Unajifunza. Kinga hiyo hudumu wiki nyingi, hata miezi, na jambo la kufurahisha ni udogo wa dozi inayohitajika. Kuna jaribio la mwaka 2001 ambapo watu walifanyishwa mikunjo miwili au sita tu ya kushusha mkono kwa nguvu zao zote dhidi ya mashine. Wiki mbili baadaye wakafanyishwa 24. Waliotanguliwa na ile miwili tu walikuwa tayari wamepata sehemu ya kinga. Miwili! Hakuna mafuta ya kuchua wala kidonge kinachokaribia hapo. Tena si lazima uanze kwa nguvu zote, kwa sababu hata mzigo mwepesi unaoshushwa taratibu huuzoesha msuli.

Niliporudi tena mazoezini mara nyingine, baada ya safari na ugonjwa, nilijaribu njia hii kwa ukali wa mtu aliyewahi kushuka ngazi kinyumenyume. Siku ya kwanza raundi moja, mara kumi kila mguu, bila uzito wowote mkononi. Nilimaliza sijatoka hata jasho la maana, na nikajilazimisha kuondoka. Siku ya nne raundi mbili. Wiki ya pili tatu, na hapo ndipo nikaanza kushuka polepole, nikihesabu mpaka tatu kabla goti halijafika chini. Wiki ya tatu nikashika vyuma vyepesi. Siku mbili baada ya kila kipindi nilihisi mapaja yamekaza kidogo nilipochuchumaa, basi. Hakuna siku niliyoikosa.

Ubaya wa njia hii ni mmoja nao ni wa moyoni: inakera. Unatoka umebakiza nguvu, na jirani yako pale jimu anakutazama kama umetoroka. Pia kuna imani kwamba usipoumwa kesho hujafanya kitu. Si kweli. Maumivu ni kipimo kibovu cha kazi, na hata cha uharibifu wenyewe. Msuli unaweza kuwa umepungukiwa nguvu sana bila kuuma sana, na unaweza kuuma vibaya huku umechubuka kidogo. Kadiri unavyozoea zoezi ndivyo unavyoumwa kidogo, na bado unaongezeka nguvu.

Jambo moja la kukumbuka: kinga ni ya misuli iliyofanya kazi hiyo. Mkimbiaji wa tambarare mwenye miaka kumi barabarani akipelekwa kushuka mlima mrefu ataumwa kama mgeni. Mwogeleaji hodari akianza kuchuchumaa na vyuma, mapaja yake hayajui habari hiyo. Kila zoezi jipya lina siku yake ya kwanza.

Kupasha mwili joto au kunyoosha misuli

Vitu hivi viwili watu huvifunga kifurushi kimoja. Vitenganishe.

Kunyoosha misuli kuna ushahidi mwingi kuliko karibu mbinu nyingine yoyote, na ushahidi wenyewe unasikitisha. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti 12. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, kunyoosha kabla ya mazoezi kulipunguza nusu pointi siku iliyofuata, kunyoosha baada kulipunguza pointi moja. Utafiti mmoja mkubwa, wenye washiriki zaidi ya elfu mbili, ulipata kama pointi nne kwa wiki nzima. Ukiwa umeumwa 40, ukaumwa 39, utajua? Nyoosha kama unataka viungo vilegee au kama kunakuburudisha, mimi mwenyewe nanyoosha. Ila kama lengo ni kesho usiumwe, dakika hizo zina kazi bora zaidi.

Kupasha mwili joto ni afadhali, ingawa nako si muujiza. Mwaka 2007 watafiti wawili nchini Australia waliwachukua watu 52, wakawafanya watembee kinyumenyume kushuka mteremko kwenye mashine kwa dakika 30, zoezi linalotesa vigimbi kuliko unavyodhani. Baadhi walipasha mwili kwa dakika 10 kabla, wengine walipooza mwili kwa dakika 10 baada, wengine vyote, wengine hakuna. Waliopasha mwili waliumwa pungufu kwa kama milimita 13 kwenye mstari wa milimita 100 ambao mtu huweka alama kuonyesha anaumwa kiasi gani. Kupooza mwili baada ya mazoezi hakukuleta tofauti yoyote.

Kama una dakika kumi tu za ziada, ziweke mwanzoni, na ziwe za mwendo: tembea haraka, chuchumaa nusu, zungusha mabega, fanya zoezi lilelile utakalolifanya ila bila mzigo. Kusimama mwishoni umeshika kidole cha mguu kwa nusu dakika ni desturi tu.

Umeshazidisha: maji baridi, mikono, sponji au nguo za kubana

Hapa tumetoka kwenye kuzuia, tumeingia kwenye kupunguza. Jedwali kwanza, kisha maelezo pale panapostahili.

| Njia | Inapunguza maumivu? | Inavyotumika | Angalia hapa |
|---|---|---|---|
| Maji baridi | Ndiyo, kiasi | Nyuzijoto 10 hadi 15, dakika 10 hadi 15, mara baada ya mazoezi | Ukiyazoea yanakula faida ya mazoezi ya nguvu |
| Kukandwa | Ndiyo, kuliko nyingine | Dakika 20 hadi 30, saa chache baada au kesho yake | Kunahitaji mtu mwingine, na asiponde |
| Bomba la sponji ngumu (foam roller) | Kidogo | Kulibingirishia msuli polepole, siku zote za maumivu | Kaa mbali na mifupa na nyuma ya goti |
| Soksi na nguo za kubana | Kidogo | Zinavaliwa saa nyingi, hata usiku kucha | Vidole vikifa ganzi, zivue |

Mapitio ya mwaka 2018 yaliyopanga pamoja tafiti 99 za mbinu za kupona baada ya mazoezi yaliweka kukandwa juu ya nyingine zote, kwa maumivu na kwa hisia ya uchovu. Mimi sishangai. Ila kukanda si kuponda. Kuna wachuaji wanaoamini kwamba usipolia hawajafanya kazi, wakati msuli uliochubuka unataka mkandamizo wa wastani, viganja vikienda kuelekea moyoni, mafuta ya kutosha. Niliwahi kukandwa na mtu wa aina hiyo siku ya pili baada ya mbio, nikaondoka na alama za vidole mapajani na maumivu mapya juu ya yale ya zamani. Ukiona unazuia pumzi, mwambie apunguze. Huna mtu wa kukukanda? Mapaja na vigimbi unaweza kujikanda mwenyewe umekaa kitandani. Mgongo ndio hapana, na huko ndiko bomba la sponji linapopata kazi.

Maji baridi yana hadithi ndefu zaidi. Cochrane waliyapitia mwaka 2012: majaribio madogo 17, watu 366, na waliojizamisha waliumwa pungufu kuliko waliokaa tu. Vizuri. Tatizo la kwanza ni kwamba huwezi kumficha mtu kuwa yumo kwenye maji ya baridi, na anayeamini anapona nusu. Mwaka 2014 kundi moja la watafiti liliweka watu kwenye maji ya vuguvugu wakamimina humo sabuni, wakawaambia ni mafuta maalumu ya kuponya misuli. Nguvu za miguu zilirudi vizuri sawa na za waliotetemeka kwenye baridi.

Tatizo la pili ni zito zaidi kwa wanaojenga mwili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, wanaume 21 walifanya mazoezi ya uzito kwa wiki 12. Nusu walijizamisha dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 baada ya kila kipindi, nusu waliendesha baiskeli taratibu. Mwishoni, wa maji baridi walikuwa wameongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao. Ukarabati ule unaouma ndio huohuo unaojenga. Ukiuzima kila mara, unalipa.

Kwa hiyo maji baridi yana mahali pake, napo ni pale ambapo kesho ni muhimu kuliko miezi mitatu ijayo: mashindano ya siku mbili mfululizo, mechi Jumamosi na nyingine Jumapili. Katika wiki za kawaida za mazoezi ya vyuma, oga maji unayoyapenda. Na mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asijitose kwenye maji ya barafu bila kuongea na daktari, kwa sababu mshtuko wa baridi hupandisha mapigo na shinikizo ghafla.

Vidonge na virutubisho

Hapa nitakuwa mfupi upande mmoja na mkali upande wa pili.

Vitamini C, vitamini E na jamaa zao wanaouzwa kama walinzi wa misuli: Cochrane mwaka 2017 walipitia tafiti 50, wakakuta tofauti ndogo kiasi kwamba mtu hawezi kuihisi. Protini inajenga msuli, na inakupasa uile ya kutosha, lakini usitarajie kikombe chake kizuie kuumwa kesho. Maji ya kunywa ni lazima kwa sababu nyingine kabisa.

Ibuprofeni na ndugu zake, dawa za kutuliza maumivu, ni habari tofauti, kwa sababu zinaweza kudhuru. Kumeza kimoja ukiwa umeumwa sana na unahitaji kulala ni uamuzi wa mtu mzima. Ninachokipinga ni kumeza kabla ya mazoezi "ili nisiumwe". Kwenye mbio ndefu za milimani za kilomita 160 nchini Marekani, waliotumia ibuprofeni hawakuumwa pungufu kuliko wasiotumia. Na mwaka 2017, katika mbio za kilomita 80, wakimbiaji waliopewa ibuprofeni walipata madhara ya figo kwa wingi zaidi, 52 kwa kila mia dhidi ya 34 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Jasho limekutoka, maji yamepungua, figo ziko kazini, nawe unaziongezea mzigo kwa faida usiyoiona.

Na kidonge kinaficha jambo unalotakiwa kulijua. Maumivu ya kawaida ya mazoezi yametanda kwenye msuli mzima, yapo pande zote mbili, yanauma ukigusa au ukijongea na yanatulia ukitulia. Maumivu yaliyokuja ghafla katikati ya zoezi, yaliyokaa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, au yaliyo ndani ya kiungo, hayo ni jeraha na yanataka matibabu mengine. Na mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, misuli ikivimba na kulegea kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo nyuzi nyingi mno zimevunjika na mabaki yake yanaingia kwenye figo. Hutokea zaidi kwa wanaoanza kwa kishindo, au wanaorudi baada ya mapumziko wakidhani mwili umewangoja palepale.

Kulala chali au kujongea

Siku ya kilele, kitanda kinavuta. Lakini mwendo mwepesi hutuliza maumivu papo hapo: dakika ishirini za kutembea tambarare, baiskeli bila upinzani, kuogelea polepole. Nafuu hiyo ni ya muda. Ukikaa saa moja maumivu yanarudi, na kupona hakuharakishwi sana. Bado mimi nachagua kutembea, kwa sababu mtu aliyekakamaa kutwa nzima kwenye kiti huinuka kama mbao. Usingizi wa usiku, huo si wa kulinganisha na kitu, ulale wa kutosha.

Kurudia zoezi lilelile kwa nguvu siku ya maumivu ndiko kusikofaa. Si kwamba utaharibu kila kitu, ila nguvu hazipo, na mtu akikosa nguvu hubadilisha mkao: goti linaingia ndani, mgongo unapinda, anaumia kweli. Fanyia kazi sehemu nyingine ya mwili.

Upo upande gani?

Unaanza mazoezi wiki ijayo, au unarudi baada ya zaidi ya mwezi: weka akiba yako yote kwenye kuanza kidogo, raundi moja kwa kila zoezi, dakika kumi za kupasha mwili mbele yake. Usinunue kitu.

Una mbio zenye miteremko baada ya miezi miwili: tafuta mteremko sasa. Dakika tano za kushuka mara moja kwa wiki, kisha nane, kisha kumi na mbili. Mazoezi ya mwisho makali ya kushuka yawe wiki mbili kabla ya siku yenyewe, ili kinga iwepo na maumivu yawe yameshapita.

Una mechi kesho na leo umecheza: maji baridi dakika kumi, soksi za kubana usiku, na kukandwa kama yupo wa kukukanda.

Unajenga misuli na ratiba yako imeshakaa: ruka maji ya barafu, acha bomba la sponji liwe burudani tu, na ukibadilisha zoezi, raundi za wiki ya kwanza zipunguze nusu hata kama wewe ni mkongwe.

Na wewe uliyezidisha jana, unayesoma haya umelala ubavu kwa sababu kukaa hakukaliki: kandwa kwa upole, tembea jioni, lala mapema. Maumivu yataisha kabla nguvu hazijarudi zote, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Siku utakayoshuka ngazi bila kushika reli, rudi na nusu ya ulichofanya.